Binti wa Mfuga Kondoo: Kitabu Hiki ni cha Nani?



Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme machache juu ya kitabu kimoja ambacho kimekuwa kikipita mkono kwa mkono mabwenini, na ambacho kimeleta ubishi mwingi miongoni mwetu. Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza, nacho huitwa "The Deed of Paksenarrion", maana yake tendo kuu la Paksenarrion. Ni hadithi ya vita katika nchi ya kubuni, na shujaa wake ni msichana. Wavulana wengi wakiona jalada lenye msichana mwenye upanga hukisukuma kando na kusema, "Hicho ni cha wasichana." Baadhi ya wasichana nao hukikataa, wakisema vita si mambo yao. Na wakubwa wetu, wakisikia kwamba ndani yake mna mbilikimo na wachawi, huuliza kwa nini mtoto wa Kidato cha Nne apoteze wakati wake kwa uongo. Basi kitabu kimekuwa yatima. Kila mtu asema ni cha mwingine.

Mimi nasema kwamba kitabu hiki ni chetu sote, na tena kwamba wavulana ndio wenye haja nacho zaidi. Sisemi hivyo kwa sababu shujaa wake anajua kupiga upanga. Vitabu vya wasichana wanaopiga upanga viko vingi, na vingine havina faida yoyote ila kupitisha usiku. Nasema hivyo kwa sababu kitabu hiki kinatueleza nguvu ya mtu ni kitu gani, hupatikanaje, hupoteaje, na hurudi kwa njia gani. Katika mambo hayo wengi wetu tumefundishwa vibaya na sinema.

Kwanza yafaa tumjue mwandishi. Jina lake ni Elizabeth Moon, Mmarekani aliyezaliwa Texas mwaka 1945. Alisoma historia katika chuo kikuu, na mwaka 1968 akajiunga na jeshi la wanamaji wa nchi kavu la Marekani, liitwalo Marines, akafikia cheo cha luteni. Kwa hiyo aliyeandika habari za gwaride, za kuruti na za amri, alizijua kwa macho na kwa miguu yake mwenyewe. Hadithi yake ilitoka kwanza katika vitabu vitatu. Viwili, "Sheepfarmer's Daughter" na "Divided Allegiance", vilitoka mwaka 1988, na cha tatu, "Oath of Gold", kikatoka mwaka 1989. Baadaye, mwaka 1992, vyote vikachapwa pamoja katika kitabu kimoja kinene chenye kurasa zaidi ya 1,000. Mwandishi huyo ameandika mengi mengine, na riwaya yake moja juu ya mtu mwenye usonji ilipata tuzo kubwa iitwayo Nebula, ile ya mwaka 2003.

Liko jambo moja ambalo msomaji asilisahau. Wakati Elizabeth Moon alipokuwa askari, na hata wakati vitabu vyake vilipochapwa, jeshi la nchi yake lilikuwa haliwaruhusu wanawake kupigana katika mstari wa mbele. Ruhusa ya kuingia katika kazi zote za kijeshi bila kubagua ilitangazwa Desemba mwaka 2015. Maana yake, mwandishi alitunga jeshi ambamo wanaume na wanawake hushika ngao pamoja, miaka 27 kabla ya serikali yake kukubali jambo hilo. Basi tukisema hadithi za kubuni ni uongo mtupu, tukumbuke kwamba pengine mtunzi hutangulia kuona yale ambayo sheria huyaona baadaye.

Hadithi yenyewe yaanza hivi. Paksenarrion ni binti wa mfuga kondoo katika kijiji kidogo cha milimani kiitwacho Three Firs. Ni mrefu, ana nguvu za kazi, na amekuwa akisikia habari za askari tangu utotoni. Baba yake amekwisha kumtafutia mume, kijana wa jirani mfuga nguruwe, na mambo yote yamekwisha kupangwa. Msichana akataa. Baba ashikilia neno lake. Ndipo msichana atoroka, ashuka mlima kwa miguu, na kujiandikisha kuwa kuruti katika kombania ya askari wa kulipwa ya mtawala mmoja aitwaye Duke Kieri Phelan.

Msomaji aliyezoea sinema hutazamia kwamba sasa ataona vita. Lakini kwanza ataona ufagio! Kuruti wa Duke Phelan hufagia, husugua sakafu, huchimba vyoo, huchota maji, hutandika vitanda, na hutembea kwa mistari mpaka miguu ikavimba. Upanga wa chuma hawapewi upesi. Huanza na wa mti. Sajini wao, mtu mmoja aitwaye Stammel, hawapi sifa bure wala hawaonei. Mtu akikosea, huadhibiwa. Akifanya vema, huambiwa afanye tena. Paksenarrion hapati upendeleo kwa kuwa ni msichana, wala hazidishiwi adhabu kwa sababu hiyo. Analala bwenini pamoja na wengine, anakula chakula kile kile, na wala si yeye msichana wa pekee humo.

Naona sisi wa shule ya bweni twaweza kuifahamu sehemu hii kuliko watu wengine wote. Nani kati yetu hajaamshwa kabla ya jua ili asugue ukumbi wa chakula? Nani hajanung'unika akisema, "Nilikuja kusoma, sikuja kukata majani"? Mwandishi hahubiri juu ya jambo hili. Hutuonyesha tu kwamba siku ya vita inapokuja, wale waliojifunza kufagia vizuri pembe ambazo hakuna anayezitazama ndio wanaosimama mahali pao wakati watu wote wakitetemeka. Kupigana kwenyewe katika kitabu hiki si kurukaruka. Ni kusimama katika mstari, bega kwa bega, huku ngao yako ikimlinda mwenzako na ngao ya mwenzako ikikulinda wewe. Mtu akitoka mstarini ili aonekane shujaa, huacha pengo, na katika pengo hilo hufa mwingine. Huo ndio ushujaa wa kwanza ambao Paksenarrion hufundishwa, yaani kukaa mahali pako kwa ajili ya jirani yako.

Sasa nataka kusema juu ya jambo zito zaidi, ambalo ni sababu kubwa ya mimi kutaka wavulana wakisome kitabu hiki. Paksenarrion angali kuruti, koplo mmoja aliyeheshimiwa na watu alimvamia ili amlazimishe. Msichana alipigana kujitetea, akaumizwa vibaya sana. Je, nani alitiwa kizuizini? Ni yeye, akishtakiwa kuwa amempiga mkubwa wake. Afisa mmoja alikuwa tayari kumhukumu bila kuuliza sana, na shahidi mmoja, kuruti mwenzake aliyekuwa na chuki, akatoa ushahidi wa uongo. Mambo yangeishia hapo, kama yanavyoishia mahali pengi duniani.

Lakini Sajini Stammel alimjua kuruti wake. Hakupiga kelele wala hakumtukana afisa; aliomba jambo lichunguzwe kwa utaratibu. Majeraha ya msichana yakatazamwa, mashahidi wakaulizwa, na maneno yao yakalinganishwa. Uongo ukadhihirika, na ikajulikana kwamba hata koplo mwenyewe alikuwa ametiliwa dawa katika kinywaji chake. Msichana akaachiliwa, mwongo akafukuzwa kikosini kwa aibu, na yule koplo baadaye akarudi kuwa askari mwema aliyepigana pamoja naye.

Angalieni, ndugu zangu, ni nani aliyekuwa na nguvu katika sehemu hiyo. Paksenarrion alikuwa na nguvu za mwili, lakini hazikutosha kumtoa kizuizini. Aliokolewa kwa sababu alikuwako mwanamume mmoja aliyekubali kuuliza kabla ya kuhukumu, na kwa sababu kombania ile ilikuwa na utaratibu wa kumsikiliza hata aliye mdogo kabisa. Mahali ambapo watu wengi huishi pamoja, ikiwa ni kambi au bweni au kiwanda, swali la kwanza likiletwa lalamiko huwa, "Mkubwa ni nani?" Linalofaa kuulizwa ni, "Kweli ni ipi?" Mvulana anayetaka kuwa askari, polisi, mwalimu au kiranja na akisome sehemu hii mara mbili, halafu ajiulize yeye angekuwa nani miongoni mwa wale waliokuwako.

Baadaye vita vya kweli vyaja. Mara moja ngome iliyoachiwa askari wachache wa Duke ikatekwa na jeshi la adui mkatili aitwaye Siniava. Paksenarrion na wenzake wawili, Saben na Canna, walisalimika kwa sababu tu walikuwa wamekwenda nje kuchuma matunda. Wangeweza kukimbia wakaokoa roho zao. Badala yake wakalifuata jeshi la adui kwa siri, wakiwa na njaa na bila silaha za kutosha, ili wakampe habari bwana wao aliyekuwa mbali. Wote watatu walitoka. Mmoja tu ndiye aliyefika. Mwandishi hafichi maumivu ya wale wawili waliokufa. Wazee wetu walisema, kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Kitabu hiki chajua methali hiyo, ijapokuwa kiliandikwa na mtu wa mbali. Hata mwanzo wake hutuonyesha nyumba ya mfuga kondoo yenye panga mbili zilizotundikwa ukutani, na jamaa waliobaki na masimulizi tu.

Lakini sehemu iliyonigusa kuliko zote imo katika kitabu cha pili. Paksenarrion amekwisha kuiacha kombania, kwa maana dhamiri yake haikuridhika na ukatili uliofanywa na washirika wa bwana wake. Amesafiri, na amechaguliwa kufundishwa kazi takatifu ya wapiganaji wateule wanaomtumikia Gird, mtakatifu ambaye zamani alikuwa mkulima na aliwaongoza wakulima kuwapinga mabwana wakatili. Amefikia kilele. Watu humpisha njiani. Ndipo anakamatwa na viumbe waovu chini ya ardhi, anateswa rohoni na mwilini, na anapookolewa, uovu uliopandwa ndani yake hauwezi kuondolewa bila kuondolewa pia ushujaa wake.

Anaamka akiwa mwoga. Mimi sijaona jambo kama hili katika kitabu kingine cha vita. Msichana aliyesimama mbele ya majeshi sasa hawezi kushika upanga. Sauti kali humtetemesha. Farasi humtia hofu. Hawezi kukaa na waliomsifu, basi aondoka. Katika baridi kali azunguka akitafuta kibarua, na watu wamcheka, wampiga, wamfukuza. Kitabu cha pili chaisha hapo. Rafiki yangu mmoja wa Kidato cha Tatu alipofika mwisho huo alinirudishia kitabu kwa hasira, akasema mwandishi amemwonea shujaa wake. Nilimwambia asome cha tatu.

Katika kitabu cha tatu Paksenarrion, akiwa amechoka kabisa, afika katika kichaka cha mzee mmoja, mtunza miti na mwenye elimu ya uponyaji. Mzee huyo hamtukani wala hamhurumii mno. Ampa chakula, amwacha alale, amwuliza maswali, na ampa nafasi ya kusema yote yaliyompata. Polepole msichana atambua kwamba hofu yake haitaondoka kama nguo ivuliwavyo, na kwamba hata hivyo anaweza kutenda lililo jema akiwa nayo. Mtu asiyejua hofu hafanyi jambo gumu; ni kama mtu asiyesikia njaa anayejisifu kwa kufunga. Tena, kwa kuwa sasa amejua hofu ni nini, aweza kuwasaidia watu wa kawaida wanaoogopa, jambo ambalo mashujaa waliozaliwa bila hofu hawaliwezi. Mwishoni ajitoa mwenyewe ateswe siku tano mikononi mwa waovu ili mfalme wa haki apate kupita salama. Wakati huo hapigi upanga hata mara moja, nalo ndilo tendo kuu ambalo kitabu kinachukua jina lake.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sisi wa Kidato cha Nne tunakaribia mtihani wa taifa, na miongoni mwetu wako walioanza kutetemeka tangu sasa. Wako waliokuwa wa kwanza darasani Kidato cha Pili, na leo hawawezi kuinua mkono kujibu swali. Wako waliofiwa na wazazi, wasiweze tena kusoma. Tunawaita wavivu, au tunawaambia wajikaze kiume. Maneno hayo, "jikaze kiume", naona yamewadhuru wavulana wengi kuliko fimbo, maana mvulana anayeogopa hukosa mahali pa kusema, akaficha hofu yake kwa ubabe. Hapa binti wa mfuga kondoo anatufundisha sisi wavulana jambo ambalo mashujaa wa kiume wa sinema hawakutufundisha, kwamba mtu aweza kuvunjika asiwe amekwisha, na kwamba kuomba msaada ni sehemu ya kurudi mstarini.

Sasa na nijibu hoja za wale wasiokipenda kitabu hiki, maana si haki kusema upande mmoja tu.

Hoja ya kwanza ni kwamba mambo ya kubuni ni uongo. Najibu kwamba sisi tumelelewa kwa hadithi za Sungura na Fisi, na hakuna mzazi aliyetuonya kwamba Sungura hasemi. Watu wa pwani husimulia habari za Fumo Liyongo, aliyekuwa hauawi kwa silaha yoyote ila kwa kuchomwa kitovuni kwa shaba, na hakuna asemaye hadithi hiyo haina mafunzo. Jambo la ajabu katika hadithi ni kama chungu. Twauliza kilichopikwa ndani yake.

Hoja ya pili ni kwamba vita si kazi ya wanawake, na kwamba msichana askari ni jambo la kigeni. Wasemao hivyo hawajasoma historia yetu. Mkomanile wa Ungoni alinyongwa na Wajerumani Songea mwaka 1906 pamoja na wazee wa vita vya Maji Maji. Huko Kenya, Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama mwaka 1913 kukataa amri za Waingereza. Akakamatwa, akapelekwa mbali magharibi ya nchi, akatoroka na kurudi kwao. Na leo vijana wanaomaliza Kidato cha Sita huitwa katika Jeshi la Kujenga Taifa, wavulana na wasichana pamoja, nao hufunzwa gwaride lile lile. Basi ugeni uko wapi?

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo husemwa na wazazi. Husema kwamba kitabu humfundisha binti kumkaidi baba yake na kutoroka nyumbani. Hoja hii siidharau. Ni kweli Paksenarrion alitoroka. Lakini mwandishi hakuifanya njia hiyo kuwa nyepesi. Msichana anabeba huzuni ya kwao miaka yote, na anahangaika kutoka katika mishahara yake ili arudishe mahari ambayo baba yake, kwa desturi ya nchi ile, alikwisha kuitoa. Alikimbia ndoa, hakukimbia deni. Wala kitabu hakisemi kwamba kila baba ni adui. Kinauliza tu kama yafaa mtoto apewe mume kama vile kondoo apelekwavyo mnadani.

Swali hilo si la nchi ya kubuni tu. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikubali msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mvulana alitakiwa kufikisha miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaikubali hukumu hiyo. Kama waheshimiwa majaji waliona vema kulitazama jambo hilo, sioni kwa nini sisi wanafunzi tusilisome katika hadithi. Nawaomba wazazi wetu wasikifungie kitabu kabatini. Wakisome pamoja na mabinti zao, kisha waulizane. Binti anayeweza kuzungumza na baba yake hana sababu ya kushuka mlima usiku.

Hoja ya nne ni ya wakati. Walimu wetu wasema mtihani u karibu, na kitabu cha kurasa zaidi ya 1,000 ni mzigo. Hapa nakubaliana nao nusu. Kitabu hiki si cha kusomwa wakati wa maandalio ya jioni, kikiwa kimefichwa ndani ya daftari la hesabu. Ni cha likizo, na cha Jumamosi baada ya usafi. Lakini asisemi mtu kwamba hakimsaidii mwanafunzi. Anayesoma kurasa nyingi za Kiingereza kwa kupenda hujifunza maneno mengi kuliko anayekariri orodha ya maneno kwa kuogopa.

Wala sisemi kitabu hakina kasoro. Majina yake ni magumu kutamkika, na msomaji huchoka kukumbuka nani ni nani. Safari ni ndefu mno, hata mtu huhisi ametembea yeye. Tena maadui wake wakuu ni waovu kabisa bila punje ya wema, ilhali duniani tumeona kwamba mtu yule yule aweza kuwa mwema asubuhi na mbaya jioni. Mwandishi aliyemchora koplo yule kwa uangalifu angeweza kuwachora maadui wake vivyo hivyo. Pia mna habari za mateso ambazo hazifai kwa watoto wadogo. Kwa hiyo naona kisitolewe kwa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza na cha Pili.

Basi naleta mashauri matatu. La kwanza, maktaba ya shule ikiwekee kitabu hiki nafasi miongoni mwa vitabu vya kila mtu, wala kisipangwe katika rafu ya "vitabu vya wasichana", maana rafu ya namna hiyo haifai kuwako katika shule yenye akili. La pili, chama cha mdahalo kichukue hoja ya muhula ujao kutoka humo, nayo iwe: "Mtu mwoga aweza kuwa shujaa." Na iamuliwe kwamba wavulana ndio watakaoitetea. La tatu, viranja wote, wa kiume na wa kike, wasome habari za Sajini Stammel kabla hawajakabidhiwa madaraka yao.

Wanafunzi wenzangu, miezi michache ijayo tutatawanyika. Wengine watakwenda Kidato cha Tano, wengine vyuoni, wengine watarudi mashambani kwa baba na mama. Hatutapewa ngao wala mikuki. Lakini kila mmoja wetu atakuwa na mtu upande wake wa kuume na mtu upande wake wa kushoto, na siku moja mmoja wao atashtakiwa kwa uongo, au atavunjika moyo, au ataogopa. Siku hiyo haitaulizwa kama wewe ni mwanamume au mwanamke. Itaulizwa kama ulikaa mahali pako.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne